Safu ya Peke Yake

Ubao wa matokeo wa uwanja wetu wa besiboli wa Kihesa una safu moja ambayo mashabiki wadogo wanadhani ni pambo. Iko mwisho kabisa kulia, baada ya safu ya alama na safu ya makosa, na kichwa chake kimeandikwa PEKE YAKE. Humo huingizwa idadi ya mechi ambazo mrushaji alizianza na kuzimaliza mwenyewe, zamu zote tisa, bila kupokewa na mwenzake. Tangu Baraza la Ligi lilipoanza kushona Uzi kwenye viwiko vya warushaji, safu hiyo imekaa na sifuri juu ya sifuri, timu zote, misimu yote. Fundi wa ubao aliwahi kupendekeza iondolewe ili pawekwe tangazo la soda. Nilimwambia akiigusa nitamrushia mpira mimi mwenyewe, na mkono bado ninao.

Mimi ni Zamoyoni Kikoti, kocha wa Mianzi ya Iringa. Watu husema nina majivuno. Ni kweli ninayo, na siku ninayoisimulia ni mojawapo ya sababu.

Tulikuwa tunacheza na Zabibu ya Dodoma, wiki moja kabla ya msimu kufungwa. Wao walihitaji ushindi mmoja tu wawe mabingwa wa besiboli ya wanawake nchi nzima. Sisi tulikuwa wa sita, hatuna cha kupanda wala cha kushuka. Lakini kwa Mhehe, kushindwa nyumbani na Mgogo si jambo dogo. Ni watani wetu hao, na mtani akikushinda atakukumbusha mpaka ufe, kisha atakuja kukuzika huku anaendelea kukukumbusha.

Wakati wa kupasha viungo, mrushaji wangu Veneranda Mdegela alinifuata pembeni ya uwanja. Ni binti mrefu, mkimya, anayefikiri kabla ya kufungua mdomo.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba. Mkono?"

"Mkono mzima. Nina ombi." Alikuwa anauzungusha mpira vidoleni bila kuutazama. "Leo usinitoe bila kuniambia sababu."

"Vene, unajua siruhusiwi."

"Najua. Kila mechi unakuja zamu ya sita au ya saba, unanyoosha mkono, nakupa mpira, naenda kukaa. Sijui kama nimechoka au wewe ndiye umeogopa. Kiwiko ni changu, Kocha. Ninalala nacho, ninapikia nacho. Inakuwaje wewe unakijua kuliko mimi?"

"Nikikuambia wakati wa mechi, wataifuta mechi pamoja na takwimu zako zote za siku."

"Ndiyo maana nakuomba wewe. Ningekuwa nataka kitu rahisi ningewaomba wao."

Nilimjibu kwamba nitaona. Ni jibu la mtu mzima anayekimbia swali, na aliondoka akijua hivyo.

*

Uzi wenyewe ni mwembamba kuliko unywele. Daktari wa ligi huupitisha kwenye kano la ndani la kiwiko siku mrushaji anapoandikishwa. Tangu hapo, kila akirusha, Uzi hupima kano linavyovutwa na kutuma namba kwenye bangili iliyo mkononi mwa kocha wake. Namba hiyo inaeleza, kati ya mia, uwezekano wa kano kukatika kabla ya zamu kwisha. Ikifika thelathini bangili hutetemeka, na ingawa si kanuni, makocha wote humtoa mrushaji hapo hapo.

Mrushaji haruhusiwi kuijua namba yake. Baraza lina utafiti wake: akiijua ataingiwa na hofu, atabana bega, ataharibu mwendo wa mkono, na namba itapanda zaidi. Kwa hiyo tunamficha kwa faida yake. Ukimwambia katikati ya mechi, mechi inafutwa. Ukimwambia baada ya mechi, anayefutwa ni wewe kocha. Bangili husikiliza kila neno ninaloongea na mchezaji wangu, na nyuma ya benchi hukaa mkaguzi mwenye kisikizio sikioni, naye huiona namba ile ile.

Kisichosemwa ni kwamba viongozi wa vilabu nao huiona namba hiyo, na huitumia kununua na kuuza watu. Niliwahi kuwa na mrushaji aitwaye Edigna, Mkinga wa Makete, mcheshi kweli kweli. Siku alipouzwa kwenda timu moja ya pwani tulimpikia pilau. Kano la mkono wake likakatika kabla msimu haujafika katikati. Waliomuuza waliijua namba, na daktari aliijua. Edigna hadi leo anaamini ilikuwa bahati mbaya. Tukikutana sokoni ananisalimia kwa mkono wa kushoto, na mimi sina hamu ya kununua nyanya tena siku hiyo.

*

Mechi ilianza kwa upepo. Septemba Iringa upepo una tabia ya kusukuma mipira ya juu kurudi uwanjani, na walinzi wetu wameukulia. Zabibu walipata alama moja mapema. Sisi tukapata mbili zamu ya tatu, kisha Veneranda akafunga mlango. Aliwatoa wapigaji wao mmoja baada ya mwingine kwa mipira ya kasi, ule mwendo wa kilomita mia na ishirini na kitu kwa saa ambao wengi huusikia kwenye glovu ya mdakaji kabla hawajauona.

Anayelinda kituo cha tatu cha Zabibu ni Loyce Chidawali, mpigaji bora wa ligi nzima kwa takwimu yoyote utakayochagua. Kituo hicho kiko mbele kabisa ya benchi letu. Kila zamu ikiisha, badala ya kwenda kwao moja kwa moja, yeye hupitia kwetu kuchukua kitu, maana mtani ana haki hiyo. Zamu ya pili alichukua kofia yangu akaivaa. Zamu ya nne alimimina chai yetu kwenye kikombe changu, akaonja, akakunja uso.

"Hii ni chai au maji mliyooshea mianzi? Baridi imewagandisha mpaka ulimi, nyie Wahehe."

"Weka kikombe chini, ombaomba wewe. Dodoma nzima sukari imeisha?"

"Sukari ipo. Mpishi ndiye hakuna, kaka yangu anakondeana. Nimekuja kumposea huyo mrushaji wako. Mahari yenu bado ni mbwa mmoja na mtungi wa pombe ya ulanzi?"

Benchi zima likacheka, Veneranda akiwemo. Mkaguzi, Bwana Rwezaura, mtu wa Bukoba mwenye suti iliyonyooka, naye alitabasamu na kuandika kitu.

Watu wa mbali hudhani utani ni matusi ya kuchekesha, basi. Matusi ni ya bure. Utani una kazi pia, na kazi ina ujira. Bibi yake Veneranda alipofariki kule Kalenga, Veneranda alikuwa njiani akirudi kutoka mechi ya ugenini, na hakuna kati yetu aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Chidawali ndiye aliyempokea stendi. Alimwambia, huku anacheka, kwamba bibi amegoma kuamka na amemwachia vibuyu vyote avioshe yeye. Kisha akanyoosha kiganja, akakiacha hewani, kimya. Kiganja kile ndicho kilichosema. Mtani akichekesha huenda zake, lakini akidai ujira ujue alilolisema ni kweli. Veneranda alivua kitambaa chake cha kichwani akamwekea mkononi, ndipo akalia, na Chidawali akamshika mpaka nyumbani.

*

Bangili ilitetemeka zamu ya saba. Thelathini na nne.

Nilimtuma mrushaji wa akiba aanze kupasha mkono. Nilisogea hadi kwenye ukingo wa benchi, mguu mmoja ukiwa nje, na hapo nikamwona Veneranda akinitazama. Hakunikasirikia. Alikuwa anasubiri tu, mpira ukiwa mgongoni, aone mimi ni mtu wa aina gani. Nikarudisha mguu.

Zamu ya nane namba ilifika hamsini na moja, na ilipomalizika ilikuwa hamsini na nane. Alama bado mbili kwa moja, sisi mbele. Ilibaki Zabibu wapige mara moja tu, watolewe watatu, mechi iishe. Na mimi nilikuwa nimekaa na namba ambayo sikuwahi kuiona kwa mrushaji aliyesimama, nikijua kwamba kila njia iliyokuwa mbele yangu ni mbaya.

Nikimtoa bila neno, nitakuwa nimemfanyia kile kile alichoniomba nisimfanyie, mbele ya safu ambayo inamngoja yeye. Nikimwacha arushe bila neno, nitakuwa nimecheza kamari na mkono usio wangu, na ukikatika nitamwambia nini, kwamba nilijua? Nikimwambia, siku yake yote itafutwa kana kwamba hakuja uwanjani. Nilikasirika, nakiri. Nilikasirikia Baraza, nikakasirikia bangili, nikaikasirikia na ile chai. Namba ilikuwa ya mwili wa Veneranda, na katika uwanja ule wote mtu pekee aliyekatazwa kuiona ni yeye.

Timu yetu ilimaliza kupiga bila kuongeza alama. Wachezaji wa Zabibu wakaanza kutoka uwanjani, na Chidawali, kama kawaida yake, akaja kwetu na kofia yangu kichwani.

"Leo nachukua nini tena? Kocha, umebakiwa na nini humu?"

Nikamnyooshea mkono wa kushoto, bangili juu.

"Chukua hii."

Aliushika mkono wangu kwa mzaha, tayari kuivuta, halafu akaiona namba. Alisoma, akanitazama, akasoma tena. Kanuni za ligi zina kurasa nyingi, na nimezisoma zote. Hakuna mahali zinapomkataza kocha kumwonyesha mpinzani namba ya mrushaji wake. Aliyeziandika hakuwahi kuwaza kwamba kuna kocha mwenye akili timamu atakayefanya hivyo.

Chidawali angeweza kwenda kwao akasema, subirini, mkono wa yule umekwisha, msipige, mwacheni arushe mpaka ukatike. Wangeshinda, wangekuwa mabingwa siku ile ile. Mimi nilijua hilo, na yeye alijua kwamba najua. Aliuachia mkono wangu taratibu.

"Hii siitaki," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Haiendani na nguo zangu."

*

Veneranda alikuwa anatembea kuelekea katikati ya uwanja. Chidawali akakata njia akamkuta pale kwenye kilima cha kurushia, akaweka mikono kiunoni na kupaza sauti mpaka majukwaani.

"Wewe Mhehe! Kocha wako anakulilia kule. Kiwiko chako kimebaki uzi mmoja, tena wa kushonea vifungo. Nenda nyumbani ukakorogewe uji."

Majukwaa yakaangua kicheko. Bwana Rwezaura naye alicheka, nilimsikia. Veneranda alianza kutabasamu, akitafuta jibu la kumrudishia.

Chidawali akanyoosha kiganja.

Akakiacha hewani.  Mwamuzi alimwita mara mbili aondoke, na hakuondoka. Nikaona tabasamu la Veneranda linakwenda, polepole, na macho yake yanashuka kutoka kwenye kiganja hadi kwenye kiwiko chake mwenyewe. Halafu alinitazama mimi, mbali pale kwenye benchi. Sikutikisa kichwa wala kope. Nilisimama tu nikiwa nimenyooka.

"Ujira wako utaupata mechi ikiisha," alimwambia Chidawali.

"Nitausubiri. Na mimi ni mpigaji wa nne zamu hii, usinisahau."

Mrushaji wa akiba alikuwa tayari. Veneranda angeweza kuninyooshea mpira, nami ningekwenda kuupokea kwa heshima zote. Alibaki pale akiuangalia mpira. Kisha akawageukia walinzi waliokuwa nyuma yake, wote saba, akawaashiria kwa glovu wasogee mbele kidogo. Kwa miaka yote niliyomfundisha hakuwahi kuwageukia. Mrushaji wa kasi hana haja na walinzi, huona yeye na mdakaji wanatosha.

Mpira wake wa kwanza ulikwenda polepole kiasi kwamba mpigaji wa Zabibu alipiga mapema, akaukwangua ukabingirika chini hadi kwa mlinzi wa kituo cha pili, akatolewa. Nikatazama bangili. Hamsini na mbili. Nikadhani nimeona vibaya. Namba hizi hupanda tu, au hukaa palepale. Katika mahesabu ya Baraza hakuna mrushaji anayeishusha, kwa kuwa hakuna anayejua kuwa kuna kitu cha kushusha.

Mpigaji wa pili aliusubiri ule mpira wa pole, akaupiga vizuri, akafika kituo cha kwanza.  Veneranda alivuta pumzi, akalegeza bega, akarusha pole vile vile. Wa tatu aliupiga juu, upepo ukaurudisha, mlinzi wetu akaudaka bila kusogea. Wametolewa wawili. Arobaini na nne.

Akaja Chidawali.

Alivua kofia yangu, akamkabidhi mwokota mipira, akavaa ya kwao ya chuma. Nilitafuta usoni mwake dalili yoyote ya huruma na sikuiona, na nilimshukuru kwa hilo. Kazi yake ya utani alikwisha kuifanya. Hapa alikuwa amekuja kuchukua ubingwa.

Wa kwanza aliuacha upite. Wa pili aliupiga kwa nguvu zake zote, na nikajua kwa mlio wake kwamba umekwenda. Ulipanda juu ya uwanja kuelekea ukuta wa nyuma, na Skolastika Ngwale, mlinzi wetu wa mbali, akageuka akaanza kukimbia akiwa ametupa mgongo. Chidawali naye alikimbia, kichwa chini, kama mtu anayejua kwamba alichokipiga kinatosha. Lakini ulikuwa upepo wetu. Ulioufanya mpira upande ndio ulioushika, ukauweka hewani kidogo zaidi ya inavyopasa, na Skolastika akafika ukutani, akaruka, akaangukia bega. Alibaki chini muda mrefu. Kisha glovu yake ikainuka, na mpira ulikuwa ndani. Wametolewa watatu.

Sikumbuki nilipiga kelele gani. Nakumbuka niliutazama ubao. Ile safu ya mwisho kulia ilizimika, ikakaa giza kitambo, kana kwamba ubao wenyewe haukuwa na uhakika jinsi inavyofanywa. Kisha mbele ya jina la Mdegela ikawaka moja. Wazee wa majukwaa ya juu, wale waliokuwepo kabla ya Uzi, walisimama na kuvua kofia zao.

*

Chidawali alikuja kudai. Uso wake ulikuwa na vumbi na machozi kidogo, na ubingwa wao ulikuwa umesogea wiki nzima.

"Ujira wangu."

Veneranda alimpa mpira ule wa mwisho, ambao makumbusho yoyote ya michezo yangeutaka. Chidawali aliutia mfukoni bila kuutazama mara mbili.

"Na kofia ya kocha wenu nabaki nayo," alisema. "Ile ni ya matusi."

Bwana Rwezaura alikuwa ameshatoka nyuma ya benchi. Hakuwa mtu mbaya, na hakuwa mjinga. Alikuwa na kisikizio mkononi sasa.

"Chidawali, nani alikuambia habari za kiwiko?"

"Baba, mimi ni mtani. Huwa nasema tu."

"Mwache," nikasema. "Nilimwonyesha mimi. Tafuta kanuni niliyovunja."

Alifikiri. Namheshimu kwa kuwa alifikiri kweli. "Hakuna," alikiri. "Matokeo yatabaki. Lakini Kocha Kikoti, utafiti wetu ni wa kuwalinda hawa. Wakijua, huharibika."

"Ilikuwa hamsini na nane alipoingia zamu ya tisa. Uliiona. Umeiona sasa hivi iko wapi?"

Aliinamia bangili mkononi mwangu. Aliiona.

Nikaifungua bangili. Ilikuwa imeacha alama nyeupe kwenye mkono wangu, maana siivui hata ninapooga. Nilijua kanuni ya hapa. Hii haikuwa na mwanya wowote. Nikaiweka kwenye kiganja cha Veneranda, mbele ya mkaguzi, mbele ya timu zote mbili, kisha nikarudi nyuma hatua moja ili nimwone vizuri.

"Ni yako," nikamwambia. "Ilikuwa yako siku zote."

"Kocha Kikoti," alisema Bwana Rwezaura kwa upole, "unajua maana ya hicho ulichofanya. Naomba bangili, tafadhali." Akanyoosha mkono kwa Veneranda.

Veneranda alikuwa ameinamisha kichwa. Kidole chake kilikuwa kinarudisha nyuma kumbukumbu za ile bangili, mechi hadi mechi, msimu hadi msimu, zamu zote za sita na za saba nilizomwendea na kumnyang'anya mpira bila neno. Hakuinua macho.

"Subiri kidogo, baba," alimwambia. "Bado najisoma."